Pete za Kaboni: Kwa Nini Mafuta Mengine ya Ndege Yana Masizi Kuliko Mengine

(Hotuba hii ilitolewa jijini Tanga mbele ya walimu, wanafunzi wa sekondari, mafundi, wafanyakazi wa bandarini na wakazi wa mji. Tunaiweka hapa nzima kwa ajili ya waliokosa kufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani tumeziacha.)

Assalaam aleikum. Wazee wangu, shikamooni. Kina mama, walimu wenzangu, mafundi mliofunga gereji mapema mje kunisikiliza, na nyinyi vijana wa kidato cha tano na cha sita mliobanana huko nyuma mpaka mlangoni, karibuni nyote.

Nimeombwa nizungumze juu ya mafuta ya ndege na masizi yake. Najua wapo humu ndani wanaojiuliza: Tanga na mafuta ya ndege wapi na wapi? Kiwanja chetu kidogo, ndege zinazotua nyingi ni zile za panga moja ziendazo Pemba, Unguja na Dar es Salaam. Ni kweli. Lakini ile Cessna Caravan mnayoiona, ndani ya pua yake mna injini ya jeti inayozungusha panga, na mafuta yake ni Jet A-1, yale yale ya ndege kubwa zinazopita juu ya vichwa vyetu usiku. Na hapo Chongoleani, kaskazini tu ya mji, ndipo linapofikia bomba la kilomita 1,443 litokalo Hoima nchini Uganda. Mji wenye bandari ya mafuta na mwisho wa bomba la mafuta ghafi, watoto wake wasijue mafuta yanaunguaje? Mimi sikubali.

Jambo langu la leo ni moja, na nitalirudia mpaka mlizoee. Masizi yanafuata umbo la molekuli. Moto una sehemu yake, injini ina sehemu yake, lakini ukitaka kujua mafuta haya yatatoa masizi mengi au machache, tazama kwanza umbo.

Tuanze na koroboi. Wazee mnaikumbuka: kopo, utambi wa pamba, mafuta ya taa. Wengine mmesoma nayo mpaka mkamaliza darasa la saba. Sasa niwaambie, mafuta ya ndege ni mafuta ya taa. Sisemi yanafanana. Ni kundi lile lile, linalotoka sehemu ile ile ya mtambo wa kusafishia, katikati ya petroli na dizeli. Tofauti ni usafi na vipimo. Jet A-1 haitakiwi kuganda mpaka baridi ipite nyuzi 47 chini ya sifuri, maana huko juu, kilomita kumi au kumi na moja, baridi ni ya kutisha.

Mnakumbuka ilivyokuwa ukivuta utambi kupita kiasi? Mwali unarefuka, ncha inaanza kuchezacheza, halafu unapanda uzi mweusi wa moshi kwenda darini. Asubuhi ukipenga kamasi, nyeusi. Mama anagombeza: punguza utambi! Unapunguza kidogo, moshi unakoma. Swali langu kwa vijana: moshi ulipokoma, masizi nayo yalikoma?

Nasikia wengi mnasema ndiyo. Hapana, wanangu. Hapana.

Michael Faraday, mwanasayansi wa Uingereza, aliwaonyesha vijana wa London jambo hili zaidi ya miaka 160 iliyopita, na chombo chake kilikuwa mshumaa. Alichukua kibomba cha kioo kilichopinda, akakiingiza kwenye sehemu ya mwali inayong'aa, na upande wa pili ukatoka moshi mweusi. Masizi yalikuwemo ndani ya mwali muda wote! Ile njano tuliyoisomea usiku ni masizi yenyewe, chembe za kaboni zilizopata moto hadi zikang'aa. Zikifika kwenye ngozi ya mwali zinakutana na oksijeni, zinaungua, zinakwisha. Ukivuta utambi sana, yanazaliwa mengi kuliko yanayowahi kuungua, na yaliyobaki ndiyo yanakwenda darini.

Kwa hiyo moshi ni salio. Ni kile kinachobaki baada ya kutoa kilichounguzwa katika kilichozaliwa. Shikeni hapo, kwa sababu ndani ya injini ya ndege mambo ni hayo hayo. Mafuta yanapulizwa kwa nguvu mwanzoni mwa chemba, mahali ambapo hewa haijatosha, na masizi yanazaliwa kwa wingi. Mbele kidogo hewa nyingine inaingia kwa matundu ya pembeni na sehemu kubwa ya masizi inaungua. Yaliyonusurika yanatokea nyuma ya injini. Safari yote hiyo humalizika katika sehemu chache tu za elfu ya sekunde moja.

Na maabara nako wanafanyaje? Mtashangaa. Mpaka leo, pamoja na mashine zote tulizonazo, mafuta ya ndege hupimwa kwa taa ya utambi. Kipimo hiki nimekifanya kwa mikono yangu miaka mingi, na bado nakipenda. Unatia mililita 20 za mafuta katika kitaa kidogo cha chuma. Utambi lazima ukatwe sawasawa, uzi hata mmoja usichomoze. Unakiweka ndani ya kijumba chenye mlango wa kioo, nyuma yake pana rula ya milimita. Unawasha. Unapandisha utambi polepole mpaka mkia wa moshi utokeze kwenye ncha, halafu unaushusha, taratibu, taratibu, mpaka mkia ule utoweke na ncha ibaki butu kidogo. Unasogeza jicho upande, unasoma kimo cha mwali. Unarudia mara tatu, maana jicho la mtu linadanganya.

Kwa Jet A-1, mwali lazima ufike milimita 25 bila kutoa moshi. Kuna mlango wa pili: ukifika milimita 18 unakubaliwa, ila kwa sharti kwamba nafthalini isizidi asilimia 3. Lishikeni jina hilo, nafthalini, nitarudi kwake.

Sasa tia katika kitaa kile kile mafuta ya ndege yaliyotengenezwa kwa mafuta ya mimea. Mwali unaipita 25 na kwenda mbali, bado msafi. Taa ile ile. Utambi ule ule. Hewa ile ile. Mpimaji yule yule. Kilichobadilika ni nini?

Ndiyo. Umbo.

Naomba subira yenu hapa, kwa sababu hapa ndipo penye utamu wenyewe. Molekuli za mafuta ya ndege zimejengwa kwa kaboni na haidrojeni. Nyingine ni minyororo iliyonyooka, nyingine ni minyororo yenye matawi, nyingine zimejifunga pete. Na katika pete zipo zile tunazoziita aromatiki: kaboni sita zimeshikana kwa nguvu, haidrojeni zake chache. Jet A-1 inaruhusiwa kuwa na aromatiki hadi asilimia 25 ya ujazo wake. Robo nzima.

Joto linapoyashika mafuta, linavunja molekuli vipandevipande. Kipande kimojawapo ni asetilini. Mafundi, hapa ni kwenu. Unapowasha mwali wa kuchomelea kwa gesi, unafungua asetilini kwanza kabla ya oksijeni. Kunatokea nini? Semeni kwa sauti, wasikie. Masizi! Nyuzi nyeusi zinaelea gereji nzima, zinatua mabegani na kwenye kikombe cha chai. Ukifungua oksijeni, mwali unageuka wa buluu, masizi yanakoma. Basi fundi wa Ngamiani kila asubuhi anaona kwa macho yake jambo ambalo wanakemia wamelitafiti kwa miongo kadhaa.

Vipande hivyo vikikutana hufunga pete ya kwanza. Na pete ya kwanza ndiyo kazi ngumu kuliko zote. Ikishafungwa, haidrojeni moja inang'olewa ubavuni, asetilini inadandia pale pale. Inang'olewa nyingine, inadandia nyingine. Inatokea pete ya pili, ya tatu, ya nne. Kina mama mnaosuka mikeka mtanielewa upesi: ukili unashonewa ubavuni mwa ukili, na mkeka unapanuka. Sahani hizo za pete zikishakua zinalaliana na kugeuka kichembe kigumu. Vichembe vinagongana, vinashikana, vinakuwa vishada. Hayo ndiyo masizi. Kichembe kimoja kitokacho kwenye injini ya ndege upana wake ni makumi machache ya nanomita, wakati unywele wa kichwani una upana wa nanomita 70,000 hivi.

Sasa fikirini. Ikiwa kazi ngumu ni kufunga pete ya kwanza, na wewe umeingiza kwenye injini mafuta ambayo sehemu yake kubwa ni pete zilizokwisha fungwa, umefanya nini? Umeyarahisishia masizi njia. Na nafthalini ni nini? Ni pete mbili zilizokwisha shikana. Mnaijua. Ni vile vidonge vyeupe vya kuweka katikati ya kanga kabatini ili nondo wasile. Harufu yake ndiyo ile ya sanduku la bibi. Ndani ya Jet A-1 kwa kawaida haifiki hata asilimia 3, lakini mchango wake katika masizi ni mkubwa kuliko kiasi chake.

Mafuta jadidifu ya ndege yaliyo mengi leo hutengenezwa kwa mafuta ya mimea, mafuta ya wanyama, au mafuta yaliyokwisha kukaangia. Yanapitishwa kwenye haidrojeni, oksijeni yote inaondolewa, kisha minyororo inakatwa na kutiwa matawi ili isigande kwenye baridi. Kinachobaki ni minyororo. Aromatiki hamna, au ni chembe tu. Haidrojeni nayo inaongezeka: katika Jet A-1 ya kawaida ni karibu asilimia 14 ya uzito, huku ni zaidi kidogo ya 15. Asilimia moja inaonekana ndogo, lakini waliopima injini moja baada ya nyingine wamekuta kwamba haidrojeni ikipanda, masizi hushuka.

Je, ina maana mafuta jadidifu hayana masizi kabisa? Hapana, na atakayekuja kuwaambia hivyo msimwamini. Mshumaa ni minyororo mitupu, lakini upepee kidogo uone moshi wake. Minyororo nayo ikivunjika hutoa asetilini, na asetilini itajifunga pete. Ila njia yake ni ndefu zaidi, na muda ndani ya chemba ni mfupi mno. Yanayowahi kuzaliwa ni machache, na huwa madogo, rahisi kuungua.

Mtu ataniuliza: pete hizi zina ubaya gani kwetu, mbali na kuchafua dari? Mwaka 1775 daktari mpasuaji wa London, Percivall Pott, aliona saratani ya ngozi ya korodani ikiwapata wanaume waliokuwa wakifagia madohani ya moshi. Kazi ile walianza wangali watoto wadogo, wakiingizwa kwenye madohani membamba yaliyojaa masizi, wakitoka weusi tii. Pott akaandika kwamba chanzo ni masizi. Ulikuwa mwanzo wa kujua kwamba kitu cha kazini kinaweza kuleta saratani. Karne na nusu baadaye wanakemia wakaipata sumu yenyewe katika lami ya makaa ya mawe: ni sahani ya pete tano zilizoshikana. Pete zile zile, ndugu zangu. Ule mkeka ambao haujamaliza kuwa masizi.

Na niseme wazi, ingawa siyo mada yangu: kwa sisi wa hapa, masizi yanayotudhuru zaidi ni ya jikoni. Mama anayepikia kuni ndani ya jiko lisilo na dirisha anavuta moshi kwa siku moja kuliko ambao ndege zote za angani zitamletea. Serikali imejiwekea lengo la asilimia 80 ya Watanzania kutumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Naliombea lengo hilo lifike mpaka vijijini Handeni na Kilindi, lisiishie mjini. Kwa ndege, wanaovuta zaidi ni wafanyakazi wa viwanjani, wale wabeba mizigo na wajaza mafuta wanaoshinda karibu na injini zinazowaka, pamoja na wanaoishi pembeni ya viwanja vikubwa.

Sasa twendeni juu.

Mmewahi kuona mstari mweupe unaoachwa na ndege angani? Wavuvi mnaiona sana ile michirizi, alfajiri mkirudi na jahazi. Wengi hudhani ni moshi. Ni barafu. Kilo moja ya mafuta ikiungua hutoa zaidi ya kilo moja ya maji, yakiwa mvuke. Kule juu baridi ikizidi kama nyuzi 40 chini ya sifuri, mvuke ule unatafuta kitu cha kushika ili uwe tone, na tone ligande. Unashika nini? Masizi. Kila kichembe cha masizi kinaweza kuwa kiini cha punje moja ya barafu. Na injini nyingi za leo hutoa chembe kati ya trilioni 100 na trilioni 1,000 kwa kila kilo ya mafuta!

Hewa ikiwa kavu, mchirizi hufutika upesi. Hewa ikiwa na unyevu wa kutosha, unatanda, unageuka wingu jembamba, unakaa saa nyingi. Wingu hilo huzuia joto la dunia lisitoke, na usiku hakuna jua la kurudisha angani kufidia. Watafiti waliotoa hesabu zao mwaka 2021 walikadiria kwamba mawingu haya ya ndege yanaipasha dunia joto kuliko kaboni dioksaidi yote iliyolimbikizwa na usafiri wa anga tangu ulipoanza. Wengi tumezoea kulaumu kaboni dioksaidi peke yake. Kumbe masizi, kwa kubeba barafu, yana kesi yake.

Basi wakatoka watu wa kwenda kupima huko huko angani. Miaka ya 2013 na 2014, shirika la anga la Marekani, NASA, lilirusha ndege yake kuukuu ya DC-8 yenye injini nne. Humo ndani walitia mafuta ya aina mbili kwa zamu: ya kawaida, na mchanganyiko wa nusu kwa nusu na mafuta ya mmea uitwao kamelina. Nyuma yake wakatuma ndege ndogo zenye vipimo, moja ya NASA yenyewe, moja kutoka Ujerumani na moja kutoka Kanada. Kuna wakati zilisogea hadi kama mita 100 hivi nyuma ya ndege kubwa, ndani ya moshi wake. Rubani wa ndege ndogo katika hewa iliyovurugwa na injini nne za DC-8 anashika usukani kwa mikono miwili, nawaambieni. Na walipata nini? Matokeo yaliyochapishwa 2017 yalionyesha kwamba mchanganyiko ule ulipunguza chembe kwa asilimia 50 hadi 70. Nusu tu ya mafuta ilibadilishwa, na zaidi ya nusu ya chembe ikaondoka.

Mwaka 2021 Wajerumani na wenzao wakaenda mbele zaidi. Walichukua Airbus A350, ndege ya kisasa, wakaijaza mafuta jadidifu kwa asilimia 100, bila tone la mafuta ya ardhini. Walipoyatoa matokeo mwaka 2024, masizi yalikuwa yamepungua kwa asilimia 35, na punje za barafu kwa asilimia 56. Kwa nini masizi yamepungua kidogo kuliko ya DC-8? Kwa sababu injini ile mpya tayari inaunguza masizi vizuri yenyewe. Mafuta yamekuta kazi nusu imefanywa. Hapo mnaona nilichowaambia mwanzo, injini ina sehemu yake. Lakini hata injini bora kabisa, umbo la mafuta limeongeza kitu juu yake.

Kijana wa mbele hapa amenyoosha mkono tangu zamani. Anasema: kama ni hivyo, si watie mafuta jadidifu asilimia 100 kesho asubuhi?

Swali zuri, na jibu lake lipo kwenye oringi. Mafundi mnajua oringi na sili za mpira zinavyozuia mafuta yasivuje kwenye maungio. Katika ndege za zamani, mpira ule kwa miaka na miaka umenywa aromatiki ukavimba, na uvimbe huo ndio unaoziba. Ukileta ghafla mafuta yasiyo na pete, mpira unasinyaa. Ukisinyaa, mafuta yanavuja. Kuvuja mafuta ndani ya ndege si jambo la kufanyia majaribio na abiria. Kwa hiyo kanuni ya kimataifa iliyotoka 2009 ikaweka mpaka: kwa aina kuu za mafuta haya, mchanganyiko usizidi nusu, na mchanganyiko uwe na aromatiki angalau asilimia 8. Pete tunazozikimbia kwa ajili ya masizi, tunazihitaji kwa ajili ya mpira! Ndege mpya zina sili za mpira wa aina nyingine, na Novemba 2023 Boeing 787 ilivuka kutoka London mpaka New York kwa mafuta yasiyo ya ardhini kabisa, ikiwa ni safari ya ruhusa maalumu. Huko ndiko tunakoelekea, ila ndege za zamani bado ni nyingi angani.

Nije sasa kwenye jambo linalonigusa zaidi ya yote haya, kwa sababu linahusu ardhi yetu.

Mafuta haya yatoke wapi? Februari 2008 ndege ya Boeing 747 iliruka kutoka London kwenda Amsterdam, injini moja kati ya nne ikiwa na asilimia 20 ya mafuta ya mimea. Mmea gani? Mti wa Brazili wa jamii ya mnazi uitwao babasu, pamoja na nazi. Nazi, watu wa Pangani! Ile ya wali na ya samaki wa kupaka. Mwezi wa Desemba mwaka huo huo, huko Auckland, New Zealand, 747 nyingine ikaruka na injini moja yenye nusu ya mafuta ya mbono kaburi. Na mbegu zile za mbono zilitoka India na kwetu huku: Malawi, Msumbiji, na Tanzania.

Mbono kaburi mnaujua, upo kwenye ua na makaburini. Wakati ule ulisifiwa kama mti wa miujiza: hauli chakula cha mtu, unaota kwenye ardhi kame, hauna shida. Wawekezaji wakaja. Kisarawe, mkoani Pwani, vijiji vilitoa maelfu ya hekta. Wananchi waliahidiwa ajira, visima, zahanati. Kisha ikajulikana kwamba mbono kwenye ardhi kame unaishi, lakini hauzai cha maana. Ili uzae unataka maji na mbolea kama mahindi. Mwaka 2011 mradi ukasimama. Ajira zikaisha. Ardhi je? Ilikuwa imekwisha kutoka mikononi mwa vijiji. Watu wa kule walipoteza mahali pa kuokota kuni na kuchimba mizizi ya dawa, na hakuna ndege hata moja iliyowalipa.

Mimi ni mkemia. Napenda minyororo, nachukia masizi. Lakini nasimama mbele yenu na kusema: usafi wa moshi wa ndege hauhalalishi kumnyang'anya mkulima shamba lake. Haya ni mambo mawili na yaulizwe mawili. La kwanza: mafuta haya yana pete kiasi gani? Hilo linakuambia masizi. La pili: kaboni yake ilitoka wapi, na nani alikuwa akiitumia ardhi ile? Maana kilo moja ya Jet A-1 ikiungua hutoa kilo 3.16 za kaboni dioksaidi, na kilo moja ya mafuta jadidifu hutoa karibu kiasi hicho hicho. Kwenye bomba la moshi hakuna tofauti ya maana. Tofauti ipo shambani: kama mmea uliivuta kaboni ile hewani juzi, ni sawa, kama ulikata msitu ili uupande, umejidanganya. Mafuta yanaweza kupita mtihani wa kwanza kwa alama zote na kufeli wa pili.

Ndiyo maana naona mafuta yaliyokwisha kukaangia ni mahali pazuri pa kuanzia. Yale ya chipsi na mihogo, ambayo leo yanamwagwa mtaroni au, vibaya zaidi, yanauzwa tena yakaangie mara ya kumi. Ni kidogo, hayatarusha ndege nyingi. Mwaka 2024 mafuta jadidifu ya aina zote duniani yalikuwa asilimia 0.3 tu ya mafuta yote ya ndege. Ulaya imeyalazimisha yawe asilimia 2 kuanzia 2025, 6 ifikapo 2030, na 70 ifikapo 2050, na mafuta ya mazao ya chakula hayahesabiwi. Hesabu hizo mzijue, kwa sababu huko ndiko zitakakotoka barua za kuomba ardhi Handeni na Korogwe.

Na wakati tunasubiri hayo, kuna kitu kinachowezekana sasa. Ondoeni nafthalini. Viwanda vya kusafisha mafuta tayari vina mitambo ya haidrojeni inayotumika kuondoa salfa kwenye dizeli. Kwa gharama ya ziada, mitambo ya namna hiyo inaweza kutia haidrojeni kwenye pete hizo mbili zisibaki aromatiki. Mafuta yabaki ya ardhini, masizi yapungue, michirizi ipungue. Sielewi kwa nini linazungumzwa kidogo hivi. Nchi yetu haisafishi mafuta yake. Dar es Salaam, Tanga na Mtwara hupokea yaliyosafishwa ng'ambo. Lakini mnunuzi ana sauti. Mnunuzi anaweza kuandika kwenye zabuni: nafthalini isizidi kiasi fulani. Wataalamu wetu wa viwango, wengine najua mko humu, hilo ni lenu.

Walimu wa kemia, nina ombi. Msiache wanafunzi wakariri neno aromatiki kwa ajili ya mtihani. Chukueni taa ndogo ya utambi, rula na karatasi nyeusi nyuma yake. Pimeni kimo cha mwali wa mafuta ya taa ya dukani kabla ya kutoa moshi. Kisha changanyeni mafuta ya taa na nta ya mshumaa kidogo iliyoyeyushwa, mpime tena. Kisha jaribuni viwango tofauti. Andikeni kila kipimo mara tatu. Fanyeni nje, mwalimu awepo, ndoo ya mchanga iwe karibu, na kwa hali yoyote msiguse petroli wala mafuta mnayoyashuku kuwa yamechanganywa nayo. Hayo yanalipuka na yameua watu. Mkipata majibu, nileteeni. Nitakuja shuleni kwenu tukayajadili, shule yoyote ya mkoa huu, hata Lushoto mlimani.

Vijana, kipaza sauti kianzie huko nyuma. Yule dada mwenye daftari la kijani mlangoni, wewe ndiye wa kwanza. Uliza.